Jibu: Mikwaruzo ya duara kwenye kendi nyekundu, na kwa nini usishike msasa kwanza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Toyota Mark II GX90 yako ilipigwa rangi ya kendi nyekundu wiki tatu zilizopita, kwamba fundi aliing'arisha kwa mashine siku ya kukukabidhi ikawa kama kioo, na kwamba baada ya kuiosha mara mbili tu umeanza kuona juani mikwaruzo ya duara mithili ya utando wa buibui, pamoja na michirizi ya mwanga inayohama kila unapotembea kando ya boneti. Unauliza kama uipige msasa wa maji namba 1500 na kuanza upya kabla ya kuipeleka kwenye maonyesho Dar es Salaam. Nakuomba kwa dhati usifanye hivyo. Nimefanya kazi ya kung'arisha rangi hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka kumi na moja, na hali unayoieleza nimeikuta kwenye magari mengi. Ni mara chache sana imehitaji msasa, na kwa gari la kendi msasa usio na sababu unaweza kuharibu kazi yote.

Kendi si rangi inayofunika. Chini yake kuna rangi ya fedha au ya dhahabu, na juu yake fundi hupiga makoti kadhaa ya rangi angavu inayopitisha mwanga, kisha ndipo inafuata klia, yaani makoti ya juu yasiyo na rangi yanayoilinda. Wekundu unaouona unatokana na mwanga kupenya makoti hayo, kugonga fedha ya chini na kurudi. Kwa hiyo ukila klia ukafika kwenye kendi yenyewe, hata kidogo sana, mahali hapo panakuwa pepesi kuliko pengine, na hakuna namna ya kupaziba kwa brashi wala kwa bunduki ndogo ya kupulizia rangi, kwa sababu kila koti linaloongezwa linabadilisha kina cha rangi.

Nalijua hilo kwa sababu liliwahi kunitokea. Mwaka 2017 nililetewa Crown ya kendi ya buluu yenye ganda la chungwa, yaani ule uso wa vijishimo vijishimo ambao sisi watu wa jirani na Muheza kwenye machungwa hatuhitaji kuelezwa unafananaje. Hapo msasa ulikuwa na sababu, maana ganda la chungwa haliondoki kwa polishi peke yake. Nilianza na namba 1500, nikaendelea na 2000, na maji yaliyokuwa yakitiririka mlangoni yalikuwa meupe kama tui jepesi, ishara kwamba ninakata klia. Nilipofika kwenye mkunjo wa bodi unaopita katikati ya mlango, sikuinua mkono wala sikuwa nimeufunika kwa tepu ya karatasi, na kwa kuwa nilikuwa nikimwagia maji mengi mno sikuona yalivyoanza kuwa na ubuluu. Nilipokausha, palikuwa na doa jeupe lenye upana wa sarafu ya shilingi 200. Gari lilirudi kupigwa rangi ubavu mzima kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sipigi msasa kwenye kona wala kwenye mkunjo, na kila baada ya misuguo michache nafuta na kutazama rangi ya maji. Kwenye gari lako yakianza kufanana na juisi ya rozela iliyozimuliwa, umeshachelewa.

Sasa turudi kwenye mikwaruzo yako. Ile michirizi inayohama na mwanga ni alama za mashine ya mzunguko mmoja, ile nzito inayozungusha pedi ya sufu au sponji kwa mwelekeo mmoja tu. Mashine hiyo inakata haraka na mimi ninayo, lakini ikiishia na sufu bila kufuatiwa na sponji laini huacha mistari midogo mno iliyopinda. Siku ya kukabidhiwa hukuiona kwa sababu kompaundi nyingi, yaani dawa kali za kung'arishia zinazokata klia kuliko polishi, zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Ukiosha kwa sabuni mara mbili, mafuta yanatoka na ukweli unajitokeza. Fundi wako huenda hakukudanganya kwa makusudi, lakini alipaswa kufuta paneli kwa alkoholi ya aisopropili iliyozimuliwa, sehemu moja kwa sehemu nne au tano za maji, kisha aitazame juani kabla ya kukuita. Utando wa buibui, kwa upande mwingine, mara nyingi unatokana na kuosha kwa sponji moja na ndoo moja, kwani mchanga unaotoka kwenye ringi unarudishwa juu ya boneti.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina maikroni 40 hadi 50 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una takriban maikroni 70. Ya gari la maonyesho huwa nene zaidi ikiwa fundi alipiga makoti matatu au manne. Lakini uwe mwangalifu sana na namba unayoisoma, kwa sababu vipimo vingi hupima kila kitu kilichopo kati ya juu na chuma. Ukisoma 400 mlangoni usifurahi. Inawezekana 250 kati ya hizo ni pati iliyofunika mbonyeo wa zamani, na klia juu yake ni ya koti moja. Ndiyo maana jawabu la fundi aliyepiga gari, kwamba alipiga makoti mangapi ya klia na kama alisugua kwa msasa kati ya koti na koti, lina thamani kuliko kipimo. Kwenye bampa za plastiki, kipimo cha kawaida cha sumaku hakisomi kabisa.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Osha gari kivulini kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glovu ya kuoshea, ukianzia paa na kumalizia chini. Hapa kwetu nasisitiza maji: maji ya visima vingi karibu na pwani yana chumvi, na yakikauka juu ya boneti yenye joto yanaacha madoa ya duara ambayo nayo yatakudai polishi. Tumia maji ya bomba na ukaushe mara moja kwa taulo la maikrofaiba, bila kusugua. Kisha tumia mashine inayozunguka huku ikitikisika, sponji laini na polishi ya kumalizia, si kompaundi. Chagua mahali pamoja tu pa boneti, kama sentimita 40 kwa 40, upite taratibu mara nne au tano kwa wima na kwa ulalo, ufute kwa alkoholi, utazame juani. Mikwaruzo ikiwa imetoka, umepata dawa ya gari zima, na utakuwa umeondoa maikroni moja au mbili tu. Ikiwa imebaki, badilisha sponji kwanza kabla ya kubadilisha polishi, na kompaundi iwe ya mwisho. Safisha sponji kila unapomaliza paneli. Vumbi la klia likikaukia ndani yake linageuka kuwa msasa. Mimi naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nne nimeacha, kwa sababu jua la Tanga likishapasha bati, polishi inakauka kabla haijafanya kazi.

Usipake nta wala mipako ya seramiki kwa sasa. Thina bado inatoka kwenye klia yako, na watengenezaji wengi wa rangi wanataka uso uachwe wazi siku 30 hadi 90. Kwa sababu hiyo hiyo klia huweza kuzama kidogo wiki zinavyopita na kuonyesha alama za msasa zilizokuwa chini. Zikijitokeza baadaye, hapo ndipo tutazungumza juu ya msasa namba 3000 kwa mkono, na mahali palipo bapa tu.

Maonyesho yenyewe yasikutie haraka. Kutoka Tanga hadi Dar kwa kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350 za vumbi na wadudu, na nimeona magari mazuri yakiharibiwa langoni mwa uwanja na mwenyewe, kwa kitambaa kikavu alichopitisha juu ya vumbi la safari. Beba lita 20 za maji safi na glovu yako, uoshe kwanza.

Pima boneti, paa na kila mlango sehemu tano tano, ukikaa mbali na kona, uniandikie namba hizo pamoja na idadi ya makoti ya klia aliyopiga fundi. Nikizipata nitakwambia ni paneli zipi zinaweza kuvumilia kompaundi na zipi uziache kama zilivyo.