Mwili wa mdogo wako haukuwa ganda

Ndugu yangu, umeandika kwamba mdogo wako alizama katika Ziwa Kivu, kwamba mwili wake haujapatikana hadi leo, na kwamba siku ya matanga mhubiri mmoja aliwaambia mwache kuutafuta, kwa sababu mwili ni ganda tu na mwenyewe amekwisha kwenda zake mbinguni. Unauliza kama kumtafuta na kumlilia ni upungufu wa imani. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa swali hili nimeishi nalo hapa Goma kwa zaidi ya miaka 20.

Babu yangu alizikwa katika kiwanja chetu, upande wa kaskazini wa mji, na kaburi lake tulilijengea kwa mawe. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na vile tu tulivyoweza kubeba kichwani, na tuliporudi hatukukuta nyumba, hatukukuta kaburi, wala alama yoyote ya kutuonyesha vilipokuwa. Hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limemezwa na lava. Mama hakuililia nyumba. Alisimama juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, akauliza: "Siku ile, baba atatokea wapi?"

Tulidhani uchungu umemchanganya akili. Ilinichukua miaka kutambua kwamba mama aliishika imani ya Kanisa barabara kuliko yule mhubiri wenu. Katika Imani ya Mitume hatusemi tu kwamba roho haifi. Tunakiri ufufuko wa miili. Kwamba roho hubaki baada ya kifo, hata Wayunani wa kale wengi walikubali, na walikuwako miongoni mwao waliofundisha kwamba mwili ni gereza la roho. Paulo alipohubiri Athene, baadhi yao walimdhihaki hasa pale alipotaja ufufuo wa wafu. Kwa hiyo fundisho la ganda ni la zamani sana, lakini halikutoka kwa Mitume. Kaburi la Yesu lilikutwa tupu, na katika Injili ya Luka yeye mwenyewe aliwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, kisha akala samaki wa kuokwa mbele yao ili wasidhani wanaona roho.

Kuhusu mwili usiopatikana, nakuomba ukumbuke mashahidi wa Lyon, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliouawa kwa ajili ya imani yao mwaka 177. Watesi wao waliichoma miili yao na kuyatupa majivu katika mto Rhône, wakitumaini kwamba kwa njia hiyo wangewanyima Wakristo tumaini la kufufuka. Wakristo waliobaki walihuzunika kwa kukosa kuwazika ndugu zao, lakini imani yao haikuzama mtoni pamoja na yale majivu. Ireneo, aliyekuwa askofu wa mji huohuo baada ya mateso hayo, alitetea kwa nguvu kwamba mwili wenyewe, unaolishwa kwa Mwili na Damu ya Bwana, una fungu katika uzima wa milele. Nacho kitabu cha Ufunuo kinasema wazi: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Anayeiamuru bahari kuwatoa wafu wake hatashindwa na Ziwa Kivu.

Hatusemi kwamba Mungu atakwenda kuokota kila chembe mahali ilipolala. Paulo anatumia mfano wa mbegu: kinachochipuka hakifanani na kilichofukiwa, na hata hivyo ni kilekile kilichopandwa, hakikuletwa kingine badala yake. Mkulima wa Masisi aliyepanda maharage hapaswi kufafanuliwa zaidi.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji, na imani hii hunifuata huko kila siku. Kijana mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya bomu aliniuliza mguu wake umezikwa wapi, na kama atafufuka bila huo mguu. Nilimweleza alichoandika Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria: kwamba viungo walivyokatwa mashahidi vitarudishwa, lakini huenda makovu yao yakaonekana, wala hayatakuwa aibu bali heshima. Nikamwambia pia kwamba Yesu mfufuka alimtambulisha Tomaso nafsi yake kwa alama za misumari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimfunge kidonda vizuri.

Tangu siku hiyo sijaweza kuuosha mwili wa mgonjwa kwa haraka, hata wa yule ambaye sote tunajua hatafika asubuhi. Wala siwezi kuvumilia kusikia mwanamke aliyetendewa ukatili vitani akiitwa mtu aliyeharibika. Mwili wake Mungu ameuwekea ahadi, na hakuna askari awezaye kuifuta. Sura ile ndefu ya ufufuo, ya 15 katika Wakorintho wa Kwanza, Paulo haimalizii mbinguni, anaimalizia kazini, akisema kwamba "taabu yenu siyo bure katika Bwana." Nikitoka zamu ya usiku nimechoka, maneno hayo hunirudisha tena kesho yake.

Basi, ndugu yangu, kulia si upungufu wa imani. Yesu alimlilia Lazaro, ilhali alikuwa amekwisha kusema kwamba anakwenda kumwamsha. Yosefu wa Arimathaya aliuomba mwili wa Yesu kwa Pilato, na wanawake walikwenda alfajiri na manukato, na hakuna Injili inayowalaumu kwa kujisumbua na ganda. Endeleeni kumtafuta, na waombeni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wawaangalilie wanapotoka usiku. Asipopatikana, mfanyieni ibada ya maziko hata bila jeneza, mlitaje jina lake, na mmwekee mahali. Bibi alipofariki, sisi tulichukua jiwe moja la lava kutoka pale tulipodhani kiwanja chetu kilikuwa, tukachonga jina la babu juu yake, tukalisimamisha kando ya kaburi la bibi. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, mama hulifagia kaburi hilo, kisha hulifuta vumbi na lile jiwe.