Kabla Hujakubali Kompyuta Ifutwe, Angalia Mafaili Yako Yana Jina la Nani

Juzi usiku msomaji mmoja anayetumia Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, kaniandikia: "Kaka, Ubuntu yangu inapokea nywila vizuri, kioo kinakuwa cheusi, halafu inanirudisha palepale pa kuandika nywila. Fundi anasema tuifute tuanze upya." Nikamjibu papo hapo: usiifute!

Mwaka 2017 nilikuwa na steshenari ndogo, kompyuta moja tu, yenye Ubuntu 16.04. Printa ilikuwa inasumbua, nikaandika sudo gedit (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, gedit ni programu ya kuhariri maandishi), nikarekebisha faili moja la mfumo, nikahifadhi. Printa ikachapa. Nilijiona fundi kamili. Kesho yake asubuhi, wateja wamesimama na karatasi zao mkononi, kompyuta ikanigomea vilevile kama ya ndugu huyu. Fundi niliyemwita akafuta kila kitu bila hata kuuliza. Zilikwenda kadi za harusi ambazo hela yake nilishaila, na zilikwenda picha za marehemu mama. Kadi nilizitengeneza upya. Picha sijazipata mpaka leo.

Nilipokuja kujisomea mwenyewe ndipo nikajua chanzo kilikuwa ile amri yangu. Kwenye Ubuntu za miaka hiyo, ukifungua programu ya madirisha kwa sudo, anayeiendesha ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, lakini folda ya nyumbani, ile yenye mafaili yako, inabaki yako. Root anaandika mambo yake ndani ya nyumba yako, na anachokiandika kinakuwa chake. Akishaligusa faili liitwalo .Xauthority, lenye kibali cha kufungua skrini yako ya madirisha, wewe mwenye nyumba huwezi tena kulisoma, na bila hilo huingii. Kuanzia toleo la 19.10 sudo inampeleka root kwenye folda yake mwenyewe, ila mashine za zamani bado tunazo, na ya msomaji wangu ni 16.04 vilevile.

Nikamwambia abonyeze Ctrl+Alt+F3, aingie kwa jina lake kwenye ile skrini ya maandishi, aandike ls -la, amri inayoonyesha mafaili na wamiliki wake. Akanitumia picha. Kwenye mstari wa .Xauthority, pale lilipotakiwa kukaa jina lake, pameandikwa root root. Dawa yake ni chown, amri ya kubadili mmiliki wa faili:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

Kisha sudo find ~ -user root, inayotafuta mafaili ya root ndani ya folda ya nyumbani, ikatoa mengine mawili, moja likiwa ndani ya folda ya .cache/dconf. Nayo akayarudisha kwa chown.

Jamani, sudo iacheni kwa amri za maandishi. Faili la mfumo lihariri kwa sudoedit: inakupa nakala, unaandika kwa jina lako, ukimaliza inairudisha mahali pake. Na akija mtu na chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) kwa folda nzima, mkatalie. Hiyo hairudishi umiliki, inamfungulia mlango kila mtumiaji wa mashine, na funguo zako za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kwa mtandao) zitakataliwa kwa kuwa wazi mno. Fundi anayekimbilia kufuta kabla hajaandika ls hajakusaidia, kakuhamishia hasara. Muulize kwanza: umeangalia mmiliki?

Ilipokaribia saa sita usiku akabonyeza Ctrl+Alt+F7 kurudi kwenye skrini ya kawaida, akaandika nywila. Picha ya mwisho aliyonitumia ni ya skrini yake, na kwenye kona ya juu folda imeandikwa "Mtoto arobaini". Ipo, na picha zote zimo.