Pipa Moja la Sheri, Kijiko Kimoja cha Maji

Kiwanda cha wiski kinapouza chenyewe singo molti yake (wiski ya shayiri ya kiwanda kimoja), huchanganya mapipa mengi ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Wajazaji huru wa Scotland, wanaonunua mapipa ya viwanda na kujaza chupa wenyewe, kina Gordon & MacPhail wa Elgin, Signatory, au Cadenhead wa Campbeltown, mara nyingi hufanya kinyume: pipa moja huiva, humiminwa peke yake, na likiisha limekwisha. Pipa likiwa na kasoro, hakuna jirani wa kuificha. Kwa hiyo ukionja chupa ya namna hii, unalipima pipa hilo, hata kama mbele kumeandikwa jina kubwa la kiwanda.

Anza na lebo. Soma mwaka wa kupikwa, mwaka wa kujazwa chupa, aina ya pipa, kiwango cha kileo na idadi ya chupa, kisha uone kama vinaelewana. Wiski tunayoizungumzia huiva kwenye pipa lililowahi kubeba sheri, mvinyo mkali wa Hispania; pipa kubwa la sheri huitwa bati (si la kuezekea) na hubeba lita 500 hivi. Hogshedi, pipa dogo zaidi, hubeba 250. Scotland, takriban asilimia 2 hupotea kwa mvuke kila mwaka, kwa hiyo bati la miaka 12 hubakiwa na lita 390 hivi, yaani chupa kama 560 za mililita 700, bila kuongezwa maji. Lebo ikisema bati moja lakini chupa ni 250, ama mjazaji amechukua sehemu tu ya pipa, ama wiski ilikua kwenye hogshedi na kuhamishiwa kwenye bati mwishoni. Kuhamishwa si dhambi. Ila miezi 9 ndani ya pipa la sheri si sawa na miaka 12, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Rangi isikudanganye. Zamani sheri ilisafirishwa hadi Uingereza ndani ya mapipa, na wapika wiski wakayachukua yakiwa matupu. Tangu miaka ya 1980 sheri hujazwa chupa kwao Hispania, hivyo mapipa mengi ya leo huundwa makusudi kwa ajili ya wiski: hutiwa sheri aina ya oloroso kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, humwagwa, kisha hupelekwa Scotland. Mbao za pipa nazo huchangia: mwaloni wa Ulaya hutoa rangi nzito, viungo na ukakasi. Wa Marekani hutoa vanila na weupe zaidi. Pipa lililokwisha kutumika mara moja au mbili kwa wiski linaweza kutoa kinywaji cha rangi ya majani makavu, na bado ni pipa la sheri halali. Sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli. Wajazaji huru wengi hawatii, na huandika hivyo kwenye lebo.

Sasa mimina mililita 20 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, uiache dakika 10. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, iweke glasi tupu kwenye friji dakika 5 kwanza, maana kwenye nyuzi 32 kileo hupanda puani kabla ya harufu nyingine yoyote. Usionje ukiwa umejipulizia marashi, wala baada ya nyama choma na pilipili.

Wiski ya asilimia 58 hainuswi kama mchuzi. Ishike glasi usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, uipandishe polepole; ukiizamisha pua mara moja itakufa ganzi kwa dakika kadhaa. Harufu za mwanzo ni rahisi: tende, zabibu kavu, ganda la chungwa, karafuu, kahawa. Hizo ni za pipa. Kazi ni kutafuta kilicho chini yake. Kila kiwanda kina tabia yake: wiski ya Mortlach huwa na uzito kama wa supu ya nyama, ya Caol Ila ina moshi. Kama baada ya dakika 15 bado unapata zabibu na mbao tu, pipa limeimeza wiski, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kasoro inayosifiwa sana bila sababu.

Kasoro nyingine Kiswahili kimeshaipa jina: kiberiti, njiti na salfa kwa neno moja. Mapipa huchomewa salfa ili yasioze, na mabaki yake hunuka njiti iliyozimwa, mpira, au kabichi iliyochemshwa kupita kiasi. Kidogo huongeza utamu wa nyama. Ikiwa nyingi, iache glasi nusu saa. Ikiwa bado inanuka mpira, maji hayataiokoa.

Funda la kwanza mdomoni ni la kuuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili, kama nusu kijiko cha chai, lizungushe sekunde 10 kabla ya kumeza. Kisha maji, na hapa ndipo wengi huharibu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwenye mililita 20 za asilimia 58, nusu kijiko hushusha kileo hadi karibu 52, kijiko kizima hadi 46. Ongeza robo robo, ukinusa kila mara. Ukipitiliza, matunda huzama na ukakasi wa mwaloni hujitokeza, mchungu kama chai iliyosahaulika jikoni, na hakuna namna ya kuyatoa maji hayo. Tumia maji ya chupa yasiyo na madini mengi, si ya bomba yenye klorini. Barafu hufunga harufu na kuacha ukakasi peke yake. Wiski ikiwa na ukungu baada ya maji, haijaharibika: haikuchujwa kwa baridi, na mafuta yake yanaonekana.

Toti mbili kama hizi, za mililita 20 kila moja, zina kileo karibu sawa na bia moja ya mililita 500. Ukionja chupa nne au tano, tema, na gari liache.

Chupa iliyofunguliwa isimamishwe wima gizani, kwa sababu kileo kikali hula kizibo. Usiitolee hukumu siku ya kwanza: chupa za sheri zenye kiberiti kidogo mara nyingi hutulia baada ya wiki mbili tatu za kupata hewa. Ikishuka chini ya robo, ihamishie kwenye chupa ndogo, au waite wenzako muimalize.