Pedali ya kushoto imegoma kufunguka

Swali: Fundi, nabadilisha pedali za baiskeli. Ya kulia ilitoka vizuri, lakini ya kushoto nimeivuta kwa spana kinyume na mwendo wa saa mpaka mikono inauma, haisogei. Tena naona hesi za pedali mpya ya kushoto zimekatwa kinyume. Je, nimeuziwa mbovu?

Jibu: Pedali mpya ni nzima. Ile ya zamani, muda wote huo umekuwa ukiikaza. Pedali ya kushoto hukatwa hesi kinyume makusudi, kwa hiyo hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa.

Sababu yake inafaa kueleweka. Wengi hudhani beringi ndizo zinazoizungusha ekseli ya pedali, lakini zingekuwa zenyewe, mpangilio huu ungezifungua pedali zote mbili. Kinachotawala ni uzito wa mguu. Mguu hukandamiza kuelekea chini wakati krenki, yaani mkono unaobeba pedali, inazunguka, hivyo mahali panapobeba mzigo huhamahama kuzunguka tundu la krenki. Kwa kuwa hesi huwa na upenyo mdogo sana, ekseli hubiringika humo polepole kinyume na mzunguko wa mzigo huo. Jaribu: shika kalamu kwa kulegeza ndani ya ngumi, kisha zungusha ncha yake kwa duara. Utaona kalamu yenyewe inajigeuza upande wa pili. Pedali ya kushoto ingekuwa na hesi za kawaida, ingejifungua ukiwa barabarani.

Sasa kazi. Weka mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele ili meno yasikuchane spana ikiteleza. Tia mafuta mepesi kwenye maungio, uyaache yapenye. Kwa pedali nyingi spana ni namba 15. Mpini ukiwa umeelekea juu, usukume kuelekea gurudumu la nyuma. Kanuni hiyo inafaa pande zote mbili.

Kabla ya kufunga, tafuta herufi L kwenye ekseli ya kushoto na R kwenye ya kulia. Paka grisi, anza kwa vidole peke yake, na ukihisi ugumu mapema, toa uanze upya. Hapo nakusihi usilazimishe: ekseli ni chuma, krenki nyingi ni aluminiamu, na hesi za krenki ndizo zitakazokwanguka.