Michezo minne kwa miwili: namna ya kuitangaza fainali ya besiboli ya Japani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandaa habari za michezo katika redio ya jamii hapa Tanga. Wapo wasikilizaji wetu waliojifunza besiboli walipokuwa sekondari, na hao hupenda kusikia habari za Japani. Fainali ya 2024 ilipomalizika niliandika hivi: "Yokohama DeNA BayStars wamechukua Kombe la Japani baada ya kuifunga Fukuoka SoftBank Hawks mabao 4-2 katika mfululizo bora wa saba." Mhariri alifuta karibu kila neno. Hata "wamechukua" aliondoa akaweka "imechukua", eti timu si mtu. Tangu siku hiyo tunabishana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwenye "wamechukua" haki ni yako. Kwingine mhariri alikuwa na sababu nzuri za kushika kalamu. Mimi ningeandika hivi: "Yokohama DeNA BayStars wametwaa ubingwa wa besiboli wa Japani baada ya kuishinda Fukuoka SoftBank Hawks michezo minne kwa miwili."

Nianze na mabao 4-2, maana hapo ndipo msikilizaji anapopotea kabisa. Mtu aliyezoea Ligi Kuu akisikia "mabao 4-2" anaona mchezo mmoja, dakika 90, nyavu zimetikiswa mara sita. Kilichotokea Japani ni kingine. Hawks walishinda michezo miwili ya kwanza kwenye uwanja wa wenyeji Yokohama, 5-3 na 6-3. Timu zikahamia Fukuoka, nyumbani kwa Hawks, na huko BayStars wakashinda yote mitatu: 4-1, 5-0 na 7-0. Wakarudi Yokohama, na tarehe 3 Novemba wakamaliza kazi kwa 11-2. Katika michezo yote sita hakuna hata mmoja ulioisha 4-2. Hiyo nne ni idadi ya michezo, na hiyo mbili vilevile.

Kwenye karatasi tarakimu hazina ngeli, na ndiyo maana zinadanganya. Zikisomwa hewani zinapata ngeli, na ngeli ndiyo inayomwambia msikilizaji kinachohesabiwa. "Manne kwa mawili" ni mabao. "Minne kwa miwili" ni michezo. "Nne kwa mbili" ni mechi, au pointi, au kitu kingine chochote cha ngeli ya I-ZI, kwa hiyo haitoshi peke yake. Ndiyo sababu katika habari za fainali hii napendelea "mchezo" kuliko "mechi". "Mechi" ni neno halali kabisa na halina ubaya wowote, lakini kwenye hesabu halibadiliki umbo, wala halijitengi na "pointi". Ukisema "walishinda minne", sikio limekwisha kujua kwamba ni michezo. Kumbuka tu kwamba sita na saba hazichukui upatanisho: michezo mitano, michezo sita, michezo saba, michezo minane. Nimemsikia mtangazaji mmoja akisema "misita", hilo halipo.

Na kwa kuwa nimeitaja pointi: alama za ndani ya mchezo mmoja wa besiboli ziite pointi, si mabao. Mpira wa besiboli hauingizwi golini. Mchezaji anapata pointi akizunguka vituo vyote na kurudi pale alipoanzia kupiga. "Kufunga" nako kunavuta picha ya nyavu. Sikatai kwamba wengi hulitumia kwa michezo mingine, ila penye "kushinda", "kuchapa" na "kulaza", sioni haja ya kulilazimisha.

Sasa "bora wa saba", yaani "best of seven" ya Kiingereza iliyotafsiriwa neno kwa neno. Hili nalipinga kwa nguvu, kwa sababu si Kiswahili na wala si kweli. Bora wa saba, kwa masikio yetu, ni mmoja aliyewashinda wenzake sita kwa ubora: mwanafunzi bora wa darasa, mchezaji bora wa mwezi. Mtu wa Tanga akilisikia ataanza kuuliza hao saba ni akina nani. Kanuni ya fainali ya Japani ni nyepesi kueleza kwa lugha yetu: bingwa ni atakayetangulia kushinda michezo minne. Basi. Ukitaka kwa ufupi zaidi, "anayetangulia kufikisha ushindi wa nne".

Sifa ya maneno haya si ulaini wake tu. Ni kwamba yanahesabu kile ambacho kanuni inahesabu, yaani ushindi. Angalia fainali ya 1986, Hiroshima Toyo Carp dhidi ya Seibu Lions. Mchezo wa kwanza ulikwenda awamu 14 badala ya tisa za kawaida (katika kila awamu kila timu hupata zamu ya kupiga), ukaisha sare ya 2-2, kwa kuwa besiboli ya Japani inaruhusu sare. Carp wakashinda mitatu iliyofuata. Ikawa wamebakiza ushindi mmoja tu, na Lions hawana hata mmoja. Lions wakashinda wa tano, wa sita na wa saba. Michezo saba imekwisha: sare moja, mitatu kwa mitatu. Bingwa hajapatikana, kwa sababu hakuna aliyefikisha minne. Ukachezwa mchezo wa nane, na Lions wakaushinda. Ndiyo mara pekee fainali ya Japani kufika michezo minane. Mtangazaji wa "bora wa saba" angekwama hapo, akawa hana la kusema kuhusu huo wa nane. Wa "anayetangulia kushinda minne" asingebadilisha neno.

Sare za namna hiyo hazijaisha. Mwaka 2022 Orix Buffaloes na Yakult Swallows walitoka 3-3 katika mchezo wa pili, baada ya awamu 12, na mwisho Orix wakawa mabingwa. Hapo useme: "wameshinda michezo minne, wamepoteza miwili, mmoja wametoka sare." Usiseme "suluhu". Watangazaji wengi wa Tanzania wameiweka suluhu kwa ajili ya 0-0, na tofauti hiyo ni nzuri, tuitunze.

Nije kwenye "mfululizo". Hapa namwelewa anayelitumia, kwani linaonekana kama ndilo tafsiri ya jina la Kijapani, Nippon Shirizu, ambalo lenyewe lina neno la kukopa. Lakini katika habari za michezo "mfululizo" tayari lina kazi yake, tena kubwa: kitu kutokea mara kwa mara bila kukatika. Na besiboli ya Japani imejaa mambo ya aina hiyo. Yomiuri Giants wa Tokyo, chini ya kocha Tetsuharu Kawakami, wakiwa na wapigaji Sadaharu Oh na Shigeo Nagashima, walitwaa ubingwa miaka tisa mfululizo, 1965 hadi 1973. SoftBank Hawks wakautwaa minne mfululizo, 2017 hadi 2020. Sasa andika "Hawks walishinda mfululizo wa nne" uone. Je, ni fainali ya nne, au ni mara nne bila kukatika, au ni mchezo wa nne? Neno moja haliwezi kubeba yote hayo katika habari ileile. Liache "mfululizo" lifanye kazi yake ya zamani.

Ndugu zetu wa Kenya wana "msururu" na "duru", waliyozoea kwenye raga ya wachezaji saba kila upande: msururu wa raga ya dunia, duru ya Hong Kong. Yanafaa pale ambapo timu nyingi zinahama mji hadi mji zikikusanya pointi. Fainali ya Japani ni ya timu mbili tu, mwakilishi wa Ligi ya Kati na mwakilishi wa Ligi ya Pasifiki, ligi mbili zilizogawana mashabiki wa nchi nzima tangu 1950. "Mkondo" nao umezoeleka kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, ambapo mabao hujumlishwa. Hapa hakuna kujumlishwa. Mwaka 2005 Chiba Lotte Marines waliwazidi Hanshin Tigers pointi 33 kwa 4 ukijumlisha michezo yote, lakini ubingwa haukutoka kwenye 33 hizo. Ulitoka kwenye michezo minne waliyoshinda bila kupoteza hata mmoja.

Hivyo ningeiita fainali, na ningekuwa mwangalifu na umoja na wingi wake. "Fainali ya Japani" ni shindano moja la mwaka mmoja, hata likienda michezo saba: fainali ya 1958 ilikwenda michezo saba. "Fainali za Japani" ni za miaka mbalimbali: katika fainali za 1965 hadi 1973 Giants hawakushindwa. Tatizo ni kwamba tumezoea "fainali za Kombe la Dunia", "fainali za Mataifa ya Afrika", yaani mashindano ya timu nyingi. Ukisema "fainali za Japani za 2024", msikilizaji atangoja makundi na robo fainali. Kwa sababu hiyohiyo "Kombe la Japani" silipendi. Kwetu shindano likiitwa Kombe, mtu anajua ni la mtoano, tofauti na ligi. "Ubingwa wa Japani" hauna utata wowote.

Fainali hiyo ya 1958 ni ya kufundishia, nami huwapa wanafunzi waisimulie ili wazoee kuangusha nomino bila kupoteza maana. Nishitetsu Lions wa Fukuoka walicheza na Yomiuri Giants. Walipoteza mitatu ya kwanza. Wakashinda minne iliyofuata. Katika hiyo minne, yote iliandikwa kwa jina la mrushaji mmoja, Kazuhisa Inao (mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira, na kila ushindi huandikiwa mrushaji mmoja), na ule wa tano aliumaliza mwenyewe kwa gongo: awamu ya 10, mrushaji akapiga mpira ukavuka uzio, mchezo ukaisha hapohapo. Mashabiki wakawa wanalitaja jina lake pamoja na Mungu na Buddha. Ona "mitatu", "minne", "yote", "ule wa tano": neno "mchezo" halikurudiwa, na hakuna aliyepotea njia. Na pigo lile la Inao liite homurani, ueleze mara moja kwamba mpira umevuka uzio. "Mbio za nyumbani", ambayo nimeiona imechapishwa, inampeleka msomaji kwenye riadha.

Sasa "wamechukua" au "imechukua". Mhariri wako anasema timu si mtu. Ni kweli, na klabu ni ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "BayStars imetwaa ubingwa" ni sahihi pia. Lakini wanaocheza ni watu, na Waswahili tangu zamani tunasema "Yanga wamepata penalti" bila mtu kushtuka. Kiambishi kinafuata kile ulicho nacho akilini. Ikiwa unasimulia kinachotendeka uwanjani, WA- ndiyo hai zaidi. Ikiwa unasema habari ya klabu kama taasisi, I- haina mpinzani: Nankai Hawks iliuzwa kwa kampuni ya Daiei, ikahamishwa kutoka Osaka kwenda Fukuoka, kisha ikanunuliwa na SoftBank. Huwezi kusema "waliuzwa" hapo bila watu kudhani ni wachezaji waliouzwa.

Mfano wa kuonyesha zote mbili katika habari moja ni Tohoku Rakuten Golden Eagles ya Sendai. Klabu ilianza kucheza ligi mwaka 2005. Mwaka 2011 tetemeko na tsunami zikaipiga kanda yake. Mwaka 2013 wakafika fainali dhidi ya Giants. Mrushaji wao Masahiro Tanaka, aliyekuwa ameshinda 24 bila kupoteza katika ligi, alirusha mipira 160 katika mchezo wa sita, wakapoteza. Kesho yake, awamu ya mwisho ya mchezo wa saba, akaingia tena kuumaliza, na wakawa mabingwa. Umeiona "ilianza" ikigeuka "wakafika"? Hakuna kosa hapo. Kosa ni kuchanganya ndani ya sentensi moja kwa kitu kilekile: "Rakuten imeshinda na wakatwaa."

Huenda mhariri akakuuliza mbona nimeandika "wametwaa... kuishinda", WA- kwa mmoja na I- kwa mwingine. Hao ni wawili tofauti, na ndivyo tusemavyo kila siku: Simba wameifunga Azam, Gor wameilaza AFC. Anayetenda tunamwona kama watu, anayetendwa tunamwona kama timu. Ukipenda "kuwashinda" ni sawa vilevile.

Ukitaka kuongeza idadi ya mataji, andika "kwa mara ya tatu", si "mara tatu", maana "wametwaa mara tatu" haisemi kama huu wa 2024 umo ndani ya hesabu. Klabu hiyo ilitwaa 1960 ikiitwa Taiyo Whales, ikatwaa 1998 ikiitwa Yokohama BayStars, na 2024 ikiwa na jina la DeNA katikati. Kote huko tumia I-, kwa kuwa wachezaji wa 1960 si wa 2024. Klabu ni ileile.