Mwalimu Mpya wa Kiingereza, Kisomeni Kitabu Chenyewe

Kila mwaka hapa Moshi tunapokea walimu vijana wanaokuja kufundisha Kiingereza, wengine kwa ajira mpya na wengine kwa mafunzo kwa vitendo, na wengi wao huniuliza kama waanze na sarufi au waanze na fasihi. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kulifundisha somo hili katika shule ya kata, ni kwamba waanze na kitabu, wakisome chote darasani kwa sauti, na sarufi waichote humo humo.

Sababu yake iko kwa mtoto mwenyewe. Anayetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili karibu masomo yote, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Baiolojia, Historia na Jiografia zimeandikwa kwa Kiingereza, huku kwenye dawati lilelile ameketi mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye hujibu kila swali kabla halijaisha. Kozi ya wiki chache za mwanzo humpa msamiati, lakini haimpi mazoea ya kusikia sentensi ndefu ikianza, ikizunguka na kufika mwisho wake. Mazoea hayo huletwa na hadithi, kwa kuwa mtoto anayetaka kujua kitakachompata mhusika huvumilia maneno asiyoyajua.

Adui mkubwa wa kazi hii ni kitini. Katika maduka ya vifaa vya shule mjini huuzwa muhtasari wa vitabu teule, ukiwa na dhamira zilizopangwa na wahusika waliokwisha kuchambuliwa, na mwanafunzi hukariri vyote bila kukifungua kitabu. Mwanafunzi wa namna hiyo atakuambia kwamba Okonkwo ni mhusika mkuu wa Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, lakini ukimwuliza kwa nini Okonkwo alimwonea aibu baba yake, atanyamaza. Sikushauri uvipige marufuku vitini, maana vitasomwa kwa kificho. Nakushauri uulize maswali ambayo kitini hakiwezi kuyajibu.

Chukua sura ya kwanza ya riwaya hiyo. Jirani aitwaye Okoye anakwenda kumdai Unoka, baba yake Okonkwo, kauri 200, yaani makombe madogo yaliyotumika kama fedha. Wanakula kokwa ya kola, ambayo mgeni hukaribishwa nayo, wanazungumza kwa mafumbo, na deni linapotajwa Unoka anacheka sana, kisha anamwonyesha mistari ya chaki ukutani, kila fungu likiwa deni la mtu mmoja na kila mstari ukiwa kauri 100, na kumwambia kwamba atalipa kwanza madeni makubwa. Nisomapo sehemu hii darasa zima hucheka, hata wale wa nyuma, kwa sababu kila mtaa una Unoka wake. Hapo ndipo ninapowapa zoezi: andika maneno ambayo Okoye alimwambia mkewe alipofika nyumbani. Ghafla wanahitaji wakati uliopita na kauli taarifa, nami nawafundisha mambo hayo saa ileile wanapoyahitaji, kwa mifano waliyoiandika wao.

Mazingira yetu pia yanasaidia sana. Okonkwo anapovunja Juma la Amani, juma takatifu ambalo ugomvi umekatazwa, anatakiwa kupeleka katika madhabahu ya Ani, mungu wa kike wa ardhi, mbuzi jike, kuku, kipande cha nguo na kauri 100, na watoto wa Kichaga, ambao wamewahi kuona au kusikia jani la isale likipelekwa kuomba msamaha, huelewa mara moja kwamba kosa la mtu mmoja laweza kuwa jambo la jamii nzima. Waache waeleze. Hata hivyo, angalia kwamba darasa la Moshi lina Wapare, Wamaasai, Wameru na wengine wengi, kwa hiyo usiligeuze somo kuwa mazungumzo ya kabila moja. Waulize wote jinsi kwao watu wanavyopatanishwa.

Mazungumzo hayo yafanyike kwa lugha gani? Mimi huwaruhusu wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kwa dakika chache, kisha waandike na kuwasilisha kwa Kiingereza. Najua wapo wenzetu wasiokubali, na zipo shule ambazo humvisha kibao shingoni mwanafunzi aliyekutwa akizungumza Kiswahili. Naipinga adhabu hiyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu matunda yake ni ukimya, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Vivyo hivyo, usimwinue mwanafunzi dhaifu kusoma aya asiyoijua mbele ya wenzake. Mpe aya hiyo jana yake, akaizoee nyumbani, na anayemcheka mwenzake kwa matamshi uketi naye mkazungumze baada ya kipindi.

Kuhusu kusahihisha, tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yetu yamejaa, na mwalimu anayetaka kusahihisha kila kosa katika kila daftari atachoka kabla ya likizo ya Juni. Dai aya fupi mara kwa mara, na kila wiki chagua aina moja tu ya kosa. Wiki moja liwe la kuchanganya he na she, kosa la kawaida kwetu kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi hakitenganishi mume na mke. Wiki nyingine liwe la kusahau s ya kitenzi. Makosa mengine yaache yapumzike kwa muda.

Tamthilia haihitaji maneno mengi: igawe kwa wahusika, waigize, na waliobaki wawe watazamaji wenye maswali. Vitabu vikiwa vichache, nakala moja kwa kila dawati inatosha, ilimradi mwalimu asome kwanza na wao wafuatilie kwa macho.

Kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambao humtaka mwanafunzi kuandika insha yenye mifano kutoka vitabu alivyosoma, kila mmoja awe na daftari dogo ambamo baada ya kila sura anaandika tukio moja kwa maneno yake na namba ya ukurasa. Maliza vitabu viwili vizima Kidato cha Tatu, ili mwaka wa mwisho uwe wa kurudia. Haya yote hayafanyiki kwa vipindi vya dakika arobaini vilivyotawanyika, kwa hiyo mwone mwalimu wa taaluma kabla ratiba ya Januari haijapangwa, umwombe kipindi pacha, yaani vipindi viwili vinavyofuatana, na ikiwezekana kiwe cha asubuhi.