Ulianguka kwenye farasi, sasa ukimwona tu unatetemeka?

Pole sana dada. Umesema farasi alishtuka ukadondokea bega, sasa ni mwezi wa pili tangu uanguke, mfupa umepona ila roho bado. Mbona kawaida tu, mi mwenyewe nilirushwa na farasi jike huku Kigamboni kisa mfuko wa rambo umepeperushwa na upepo, nikakaa muda siendi hata kumwangalia.

Kwanza ile helmeti uliyoangukia nayo itupe, hata kama haina ufa, lile povu gumu la ndani likishabonyea halikukingi tena. Halafu usikimbilie kupanda. Mi nilianza na brashi tu, nampiga brashi shingoni, nashika kwato, namtembeza kwa kamba, asubuhi saa kumi na mbili kabla jua la Dar halijawa kali, mpaka siku moja nikagundua nimemlalia begani na wala sijakumbuka kuogopa.

Siku ya kupanda omba farasi mzee mpole na mwalimu amshike kwa kamba ndefu, nyie tembeeni tu dakika kumi, shuka. Ukibana magoti na kuzuia pumzi farasi anaona kuna hatari na yeye anakaza, kwahiyo toa pumzi ndefu, visigino chini, au imba, mi niliimba taarabu watu wakacheka weee. Na mwalimu anayekwambia "acha woga" badilisha, kuna wengine wapo. Ila bega likiuma bado rudi kwa daktari kwanza.